Mzee Toktosun Anaangalia Ng'ombe

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kliniki walimwona Kubat akiingia na mtoto mkononi, mkewe Saikal nyuma yake amebeba mfuko, wakasogea kwenye benchi kumpa nafasi kama wanavyompisha mgonjwa. Mke wa muuza makaa hakuweza kujizuia.

"Karibu, shemeji. Umekuja kunyonyesha?"

"Mwache bwana," akadakia mwenzake. "Kama maziwa anayo, anyonyeshe. Na sisi tupumzike."

Wakacheka. Kubat naye akacheka, maana ukinuna kwenye foleni ile umekwisha, habari zako zitafika kijijini kabla yako. Alikuwa fundi wa umeme, mtu wa kupanda nguzo, na alimbeba mwanawe Aidar kama anavyobeba mita mpya, kwa mikono miwili, mbali na kifua. Hakuwa na mazoea. Nyumbani hakumbeba kabisa, na si kwa uvivu. Huku kwetu milimani mwanamume hambebi mtoto wake mbele ya baba yake mzazi. Ni aibu, basi. Ukimkuta baba amekaa, mtoto wako unampita kama hujamwona, hata akikunyooshea mikono. Sasa nyumba ya Kubat ilikuwa ya baba yake, Mzee Toktosun, na Mzee Toktosun tangu astaafu hakuwa mtu wa kubanduka sebuleni.

Halafu Aidar alikuwa kifungua mimba, na kifungua mimba kwetu ni wa babu na bibi. Hilo halina mjadala. Bibi yake, Mama Burul, alimwita "kitinda mimba wangu", na Kubat alipoingia kutoka kazini, bibi huyo alimwambia mtoto, "Muone kaka yako huyo, amerudi." Kaka. Mara ya kwanza Kubat alicheka. Baadaye akawa anavua viatu kimya kimya.

Nesi wa watoto alikuwa Raikan, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimlaza Aidar mezani, akamkunjua, akashika ile mikanda ya nyonga ambayo mtoto alipewa na daktari wa mifupa. Ni mikanda laini ya kitambaa, inapita mabegani na kushuka mpaka nyayo, inashika miguu ya mtoto ikae imekunjwa na kupanuka kama ya chura. Alitakiwa aivae mchana na usiku.

"Anaivaa?"

"Anaivaa," Kubat akasema.

"Wakati wote?"

"Wakati wote."

Saikal aliangalia sakafu. Raikan aliinua mkanda mmoja, akaugeuza, akaunusa.

"Mtoto wa miezi minne anacheua, anajikojolea, anatoka jasho," alisema. "Huu mkanda bado unanukia duka."

Aidar alipiga chafya.

"Nani anashinda naye?"

"Mama mkwe," Saikal akasema. "Mimi nipo shuleni, nafundisha."

"Anaitwa nani?"

Saikal akafunga mdomo. Mkaza mwana hatamki jina la mkwe wake, hata akiulizwa na serikali. Raikan alilijua hilo kama yeyote, akamgeukia Kubat.

"Burul," Kubat akasema. "Anamfunga kwenye susu. Anasema miguu ikiachwa hivi atakuja kuwa na matege. Anasema sisi wote tumelelewa humo na tumenyooka."

"Ni kweli mmenyooka. Hata mimi nimelelewa kwenye susu." Raikan hakupandisha sauti. Susu zetu ni za mbao, mtoto analazwa chali na kufungwa vitambaa vipana, miguu imebanwa pamoja, imenyooka kama mishumaa, na analala vizuri mno. "Lakini mfupa wa huyu haujakaa mahali pake. Kila akinyooshwa unachomoka. Akikaribia mwaka hivi hivi, hapatakuwa na mikanda tena. Ni kisu mjini, na plasta kuanzia kifuani mpaka kwenye vidole. Na hata hapo siwezi kukuahidi kwamba hatachechemea maisha yake yote. Mmenielewa?"

Walikuwa wameelewa. Saikal alianza kulia kwa namna yake ya kulia, bila sauti, akikunja na kukunjua nepi ile ile.

"Mama, nenda nje upate hewa kidogo," Raikan akasema. "Baba abaki anivalishie mtoto."

Mlango ulipofungwa, alimwonyesha Kubat kifungo kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Kubat alishika haraka. Mikono yake ilikuwa na akili, hilo hata wanaomcheka wanakubali.

"Na wewe unalalaje?" Raikan akauliza, macho yake kwenye vifungo.

"Mimi?"

"Kuna baba mwingine humu?"

"Mgonjwa ni mtoto, dada."

"Mtoto nimeshamwona. Nakuuliza wewe."

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula."

"Na chakula kina ladha?"

Hapo alimkamata. Angeulizwa kama ana huzuni angesema hapana, na angeapa. Lakini kuhusu ladha hakuwa amejiandaa.

"Tangu huyu azaliwe," alisema polepole, "sijui. Ni kama natafuna gazeti." Kisha akaona haya, akajichekesha. "Labda ni uchovu."

"Labda. Mama akijifungua tunamuuliza moyo unaendaje. Baba tunamtuma dukani. Siku hizi mimi nauliza wote wawili." Alimfunika Aidar. "Kila Alhamisi anakuja daktari kutoka wilayani, anakaa chumba cha pili hapo. Ni wa watu wasiolala."

"Mimi sio kichaa, dada Raikan."

"Nani amesema kichaa? Sikiliza. Kila Alhamisi niletee mtoto niangalie mikanda. Umlete wewe. Ukiwa na mtoto mkononi hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Siku ukitaka kuingia kile chumba, utaingia. Usipotaka, utarudi nyumbani. Ila mikanda uifunge wewe mwenyewe, kila siku. Wewe ndiye ninayekudai."

Kubat aliitikia. Kuna jambo hakumwambia. Majuma yaliyopita, akiwa juu ya nguzo, mkono wake ulikuwa unachelewa kufunga mshipi wa usalama, na kichwani kitu kilikuwa kinamwambia, kwa upole kabisa, kwamba ufunge usifunge yote sawa. Hakuwa anataka kufa. Alikuwa tu haoni tofauti, na hilo lilimtisha, na hakujua mtu anaanzia wapi kulisema.

*

Siku iliyofuata alirudi nyumbani kula mchana. Aidar alikuwa kwenye susu, amefungwa kama mkate kwenye kitambaa, analala. Mikanda ilikuwa imetundikwa kwenye msumari karibu na kioo. Mzee Toktosun alikaa mahali pake, kofia kichwani, bakuli la chai ya maziwa mkononi. Mama Burul alikuwa anasukuma susu kwa mguu huku akimenya viazi.

"Kula, mwanangu," akasema. "Siagi hiyo hapo."

Kubat aliutazama msumari. Alimtazama baba yake. Alikula mkate, akanywa chai, akashukuru, akarudi kazini. Ndivyo alivyofanya siku hiyo, na siku ya pili yake akafanya vivyo hivyo.

Jioni, chumbani kwao, Saikal alifunga mlango.

"Umemwambia?"

"Kesho."

"Kubat, mimi nikimwambia mama yako, nimemfundisha kazi. Nitaambiwa nimekuja na elimu ya shuleni kuwadharau wakubwa. Nitapikiwa maneno mpaka wajukuu wangu wayasikie. Wewe ni mwanawe, wewe utasamehewa."

"Baba anakuwepo pale."

"Najua yupo. Yupo kila siku, haendi popote." Alikuwa anavua soksi, akaacha moja mguuni. "Unamwogopa baba yako kuliko unavyoogopa mtoto wako kulemaa. Nilikuwa sitaki kukuambia, lakini ndiyo hiyo."

Kubat alilala akiangalia ukuta, na alipoanza kuhema kwa utulivu Saikal alijua anajifanya.

*

Ikatokea siku ya tatu, bila yeye kupanga. Aliingia na kukuta mama yake ndiyo kwanza anamfunga mtoto, na Aidar hakuwa anataka. Alikuwa analia, amekaza goti moja. Mama Burul alilishika lile goti kwa kiganja na kulibonyeza chini, kwa upendo kabisa, huku akimwimbia.

Kubat alipiga magoti akiwa na buti zake, juu ya zulia.

"Mama, niachie."

"Unafanya nini?"

Alifungua kitambaa cha kwanza, akafungua cha pili. Alimtoa mtoto kwenye susu na kumweka kifuani, na kelele zikakatika. Mama Burul alitazama upande wa mumewe, halafu akamtazama mwanawe.

"Kubat," alisema kwa sauti ya chini. "Baba yako yupo hapa."

"Nimemwona, Mama."

Kubat alitamani ardhi impasukie. Masikio yake yalikuwa ya moto. Alimsikia baba yake akiweka bakuli chini. Alisubiri tusi.

"Naenda kuangalia ng'ombe," Mzee Toktosun akasema. Akainuka, magoti yakalia, akavaa koti, akatoka.

"Umeona?" Mama Burul akasema. "Umemfukuza baba yako kwenye nyumba yake mwenyewe."

"Mama, mfupa wake haujakaa. Nesi amesema atapasuliwa."

"Nesi, nesi. Nesi amezaa wangapi? Mimi nimelea watano humu ndani." Lakini hakuigusa tena susu siku ile. Aliketi, akalia kidogo, akaendelea na viazi vyake. Kubat alifunga mikanda yote kama alivyoonyeshwa, miguu ya chura, akambeba mtoto mpaka dirishani, na hapo ndipo alipomwona baba yake amesimama kwenye theluji nje ya zizi, mikono nyuma, amempa nyumba mgongo.

*

Ukawa ndio utaratibu wao. Adhuhuri gari la kampuni likisimama nje, Mzee Toktosun anainuka. "Naenda kuangalia ng'ombe." Kubat anaingia, anambeba mwanawe, anakagua mikanda, anamfuta shingo, anamwogesha siku za kuoga, anamfunga tena. Akimaliza anakohoa mlangoni, na mzee anarudi kunywa chai iliyopoa. Hawakuzungumzia jambo hilo hata mara moja. Aibu ikiwa haijaonwa, kwetu, haijatokea.

Majirani hawakuwa na adabu hiyo.

"Mzee Toktosun," mmoja alipiga kelele juu ya uzio, "huyo ng'ombe ana mimba ya mapacha au vipi? Kila adhuhuri unamchungulia, mpaka anaona haya."

"Fuga wako," mzee akajibu.

Mama Burul naye alikuwa amemnunia mwanawe, na aliyenuna haongei na mtu, kwa hiyo akawa anaongea na Aidar. "Mwambie baba yako supu iko jikoni. Mwambie baba yako asiingie na hizo buti." Alisema hivyo kwa hasira, na kwa hasira hiyo neno kaka likasahaulika. Saikal ndiye aliyegundua. Alimpa mumewe ishara kwa nyusi, na Kubat akainama kwenye bakuli lake.

Alhamisi alikuwa anakwenda. Wanawake wa foleni walimzoea, wakaanza kumuuliza mambo ya fyuzi na mita. Raikan alikagua nyonga, akasema inakaa, bado, lakini inakaa, na mikanda sasa inanuka kama inavyotakiwa. Kila mara alimuuliza ule mlango wa pili vipi, na kila mara Kubat alisema Alhamisi ijayo. Alikuwa anafanya yote aliyotakiwa kufanya. Mtoto alikuwa anapona mikononi mwake, na yeye bado alikuwa anatafuna gazeti. Hilo lilimuumiza kuliko mengine. Alidhani akimbeba mwanawe kitu ndani yake kitajaa. Kilijaa kwa muda ule aliokuwa amembeba, halafu akamweka chini, na kikatoka.

*

Dhoruba ya theluji iliangusha nyaya upande wa darajani, na Kubat alishinda juu ya nguzo. Mzee Toktosun alikuwa anarudi na mkokoteni wa nyasi kavu. Alimwona mwanawe kule juu, amekaa kwenye vyuma vya kukanyagia, hafanyi kazi. Anatazama chini tu. Mshipi ulikuwa unaning'inia, haujafungwa popote.

Mzee alitaka kuita, akaogopa kumshtua. Kwa hiyo alisimama chini ya nguzo, akashika kofia yake, akamtazama. Alisimama mpaka theluji ikamjaa mabegani. Mwishowe Kubat alimwona, akafunga mshipi kama mtoto aliyekutwa na kosa, akamaliza kazi, akashuka.

"Twende ukanywe chai," baba yake akasema.

Alhamisi ilipofika Kubat hakuamka. Hakuwa na homa. Saikal alimwita, akamtikisa, akamlilia, kisha shule ikamlazimu, akaondoka huku anageuka nyuma. Kubat alilala akitazama ukuta, na buti zikawa mbali sana. Mama Burul alimletea chai, akairudisha haijanywewa. Alisahau kununa, akakaa jikoni akiwa ameshika mikono yake mwenyewe.

Mkwe haingii chumba cha mkaza mwana wake, awe yupo au hayupo. Mzee Toktosun alifika mpaka kizingitini, akakohoa. Alikohoa tena. Halafu akaingia.

"Vaa buti."

"Baba, leo siwezi."

"Leo ni siku ya mtoto kupimwa. Vaa."

Kubat akajaribu kuinuka, akakaa kitandani, mguu mmoja ndani ya buti, akakwama hapo. Mzee alipiga magoti, yale magoti yake yanayolia, akamvalisha buti ya pili na kufunga kamba.

Walikwenda na gari kuukuu la mzee, analoliendesha kama anavyoendesha mkokoteni. Kubat alikaa mbele, Aidar mapajani, miguu yake ya chura imefunikwa blanketi. Hapakuwa na mahali pa kukimbilia ndani ya gari lile, labda ndiyo sababu mzee alisema.

"Ulipokuwa mdogo uliugua surua. Hukujua hilo?"

"Mama alinisimulia."

"Mama yako alikubeba siku zote zile. Macho yako yalikuwa yamefumba kwa tongotongo, ukawa unaniita. Unaniita kwa jina langu, kama walivyoniita wengine, maana uliyemwita baba ni babu yako. Baba yangu alikuwa amekaa pale pale ninapokaa mimi sasa." Alibadilisha gia, ikagoma, akairudia. "Nikasema naenda kuangalia ng'ombe. Nikaenda nikasimama zizini. Nikasimama sana." Kubat alidhani yamekwisha. "Hatukuwa na ng'ombe mwaka ule."

Kubat alimtazama. Mzee alikuwa anatazama barabara, na machozi yalikuwa yameingia kwenye ndevu, na hakuyafuta, kwa sababu barabara ilikuwa na barafu na mikono yote miwili ilikuwa kazini.

*

Foleni ilikuwa ndefu. Wanawake walipomwona Mzee Toktosun wakainuka, kama inavyopasa, na mke wa muuza makaa akameza alichokuwa anataka kusema. Raikan alitoka na miwani yake ya uzi.

"Karibuni, baba. Mmemleta Aidar?"

"Nimekuletea watoto wawili," Mzee Toktosun akasema.

Alisema mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile anayouliza bei ya nyasi. Kubat aliinamisha kichwa.

"Mdogo ni nyonga, unamjua. Mkubwa halali, na chakula hakipiti. Anapanda nguzo hafungi mshipi. Nimemwona kwa macho yangu. Sijui ugonjwa wake unaitwaje. Ninyi mmesoma."

Hakuna aliyecheka kwenye benchi. Raikan alimshika Kubat mkono juu ya kiwiko, akamwelekeza kwenye mlango wa pili, na Kubat akaenda, bado amembeba mwanawe, bila kutazama upande wowote. Daktari wa wilayani alikuwa msichana mdogo kuliko walivyotarajia. Aliwatazama waliojaa mlangoni, mzee, kijana na mtoto mchanga, akashika kalamu.

"Nani wa nani hapa?" akauliza.

Mzee Toktosun alivua kofia. Kwa utaratibu wetu kifungua mimba ni wa babu, kila mtu kijijini alikijua alichotakiwa kusema, na Kubat alikuwa tayari kukisikia.

"Huyu mkubwa ni wangu," mzee akasema, akamwekea mwanawe mkono begani, akauacha pale. "Huyo mdogo ni wake."